Mashine ya mafuta ya nazi Ngamiani: walinirudishia koroma zangu, na sasa siendi kwingine

Mara ya kwanza nilifika pale na magunia mawili juu ya bajaji, nazi 120 nilizozihesabu mwenyewe, nikaondoka na nazi 41 zilizokataliwa kwa kuwa zilikuwa koroma, yaani hazijakomaa. Nimeuza nazi tangu baba yangu yu hai na sijapata kurudishiwa mali kwa namna ile. Nilinuna. Nilimwambia kijana mwenye mashine kwamba nazi ni zangu, pesa ya kukamulia ni yangu, na hasara ikitokea ni yangu pia. Akanijibu kwa adabu tu, "Mwalimu, pesa yako nitaila, lakini mafuta hutayaona." Nimeshakwenda mara nne sasa. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Mwambani, Tongoni, Kigombe hata Pangani, wenye minazi yao na wasiojua wapeleke wapi nazi wapate mafuta ya maana.

Mahali penyewe ni uchochoro wa Ngamiani, Tanga mjini, kama dakika tano kwa miguu kutoka sokoni. Hakuna kibao mlangoni. Utapajua kwa harufu ya nazi inayokauka motoni, na kwa lundo la vifuu lililofika usawa wa dirisha. Ndani kuna mashine mbili, moja ya kukuna na moja ya kukamua, jiko refu la udongo linalokokwa kwa vifuu na makumbi, sinia pana za bati juu yake, na mapipa manne ya plastiki ya kutuamishia mafuta. Nje, chini ya mwembe, ndipo panapofanyika kazi niliyokuja kuiheshimu kuliko zote.

Hapo amekaa bibi mmoja juu ya kibao cha mbuzi kilichong'oka meno. Kila nazi lazima ipite mikononi mwake. Anaishika kwa mkono wa kushoto, anaigonga mara mbili kwa mgongo wa kisu, kisha anaipeleka sikioni na kuitikisa. Nazi iliyokomaa maji yake hucheza, kwa sababu yamepungua na hewa imepata nafasi ndani. Koroma imejaa pomoni, haitoi sauti. Halafu anatazama kifuu. Kikiwa cheusi na kigumu, inakwenda kulia. Kikiwa na weupeweupe karibu na macho, anakikwaruza kwa ukucha, na ukucha ukiacha alama nazi hiyo inakwenda kushoto. Kushoto ndiko zilikokwenda 41 zangu. Nilipomuuliza kwa ukali kidogo kisa ni nini, alinyanyua moja akanionyesha, akasema, "Mwanangu, hii bado inanyonya."

Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Nimefundisha mbegu na uchavushaji kwa miaka 29 katika sekondari za mkoa huu, na sijawahi kulieleza jambo hilo vizuri kama bibi yule alivyolieleza kwa maneno matatu.

Maana nazi ni mbegu, na yote tunayoyataka ndani yake aliyaweka mama kwa ajili ya mtoto. Tunayo majina ya kila hatua, na sidhani kuna lugha nyingi zinazoweza kujivunia hivyo: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Mtoto wa pwani huyajua kabla hajaanza shule. Kilichonichukua muda ni kufahamu kwamba majina hayo ni kalenda ya kazi inayoendelea ndani ya kifuu, na kwamba mafuta huja mwishoni mwa kalenda. Maji ya dafu na nyama ya nazi ni kitu kimoja katika hali mbili. Wataalamu hukiita endospemu. Ua linapochavushwa, mbegu moja ya kiume huungana na yai, na hapo hutokea kiinitete, kile kidude kidogo kilichojificha chini ya jicho laini la nazi. Mbegu ya pili ya kiume huungana na viini viwili vya mama, na hapo ndipo chanzo cha maji na nyama. Kwa hiyo nyama unayoikuna ina mafungu mawili ya vinasaba vya mama na fungu moja la baba. Mwanzoni viini hivyo hujigawa na kujigawa bila kujengeana kuta, vikielea katika maji. Ndiyo sababu maji ya dafu yana nguvu ya ajabu ya kukuza mimea: mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake kule Marekani waliyatumia kukuzia viinitete vichanga vya mmea wa Datura vilivyokuwa vikikataa kukua katika chupa za maabara. Baadaye viini vile hujijengea kuta, seli zikajipanga kwenye kifuu, utando laini wa dafu ukatokea, ukaendelea kuwa mnene na mgumu. Tangu kuchavushwa mpaka nazi kukomaa ni miezi 11 hadi 12. Dafu tamu la kunywa limepita nusu ya safari tu.

Sasa, kwa nini koroma haina mafuta ya kutosha wakati nyama yake unaiona kwa macho? Hapa ndipo wengi hukosea, mimi nikiwemo siku ile. Nyama ikiwepo haina maana mafuta yamekwisha kuingia. Makuti hutengeneza sukari, sukari inashuka kupitia kole, yaani shada la nazi, mpaka ndani ya nazi, na humo ndimo inapogeuzwa mafuta. Kugeuzwa huko hakutokei kwenyewe. Kunangoja jeni fulani, yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli, ziwashwe, nazo huwashwa kwa zamu.

Iliyo maarufu kuliko zote huandikwa WRI1. Iligunduliwa kwenye kimea kidogo cha maabara kiitwacho Arabidopsis, jamaa ya haradali na kabichi. Mwaka 1998 Nicole Focks na Christoph Benning walieleza mmea ambao mbegu zake zilikunjamana kama zabibu kavu, na mafuta yake yalikuwa yamepungua kwa 80 kwa 100. Sukari ilikuwa inafika kwenye mbegu. Kilichokosekana ni jeni moja, na protini ya jeni hiyo kazi yake ni kuwasha jeni nyingine, zile zinazovunja sukari na kujenga asidi za mafuta. Juu ya WRI1 kuna jeni nyingine zinazoendesha ukuaji wa mbegu kwa jumla, LEC1, LEC2, FUS3 na ABI3, na hizo ndizo zinazoamua sasa ni wakati wa mbegu kujigawa, sasa ni wakati wa kuweka akiba. Mbegu haianzi akiba kabla haijajenga ghala.

Wanafunzi wangu nilikuwa nawapa mfano wa tende, na nitautumia hapa pia kwa sababu unaonekana. Mtende na mchikichi ni ndugu wa mnazi. Tunda la tende tunalofuturia limejaa sukari, na la chikichi limejaa mafuta mekundu, ingawa yote mawili yanalishwa sukari ileile kutoka kwenye makuti. Mwaka 2011 watafiti waliyalinganisha matunda hayo hatua kwa hatua, wakakuta WRI1 ikifanya kazi katika chikichi takriban mara 57 zaidi kuliko katika tende. Mimi nikila tende mwezi wa Ramadhani huwa nafikiri hivyo kila mwaka: kitufe kimoja tu, na hii ingekuwa mafuta.

Basi nazi ikikatwa ikiwa koroma, kole limekatwa na sukari imekatika. Ukiianika barazani itapungua maji, itaonekana imekauka, lakini mafuta ambayo hayakuwa yametengenezwa hayatatengenezwa kwa kuianika. Zaidi ya hapo, nyama changa haina mafuta ya aina moja na nyama iliyokomaa. Ile asidi ya lauriki, inayofanya karibu nusu ya mafuta ya nazi na kuyapa tabia yake ya kuganda baridi ikiingia, huongezeka kadiri nazi inavyokomaa. Mbegu nyingi hujenga mnyororo wa mafuta kwa kuongeza kaboni mbili mbili mpaka zifike 16 au 18. Mnazi una kimeng'enya, yaani protini ya kuendesha kazi ya kikemia, kinachoukata mnyororo mapema, kwenye kaboni 12, na kingine kinachoweza kuupachika mnyororo huo mfupi hata katikati ya molekuli ya mafuta, mahali ambapo mimea mingi haiwezi kuuweka.

Watu wa nje walivitamani vitu hivyo. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Calgene ya Marekani ilichukua jeni ya mti mmoja wa California ikaitia kwenye kanola, mmea wa mbegu za mafuta, ili mbegu zake zitoe mafuta ya lauriki kama ya nazi, na mwaka 1995 zikalimwa kibiashara. Lakini ile nafasi ya katikati ya molekuli haikujazwa, mpaka walipoongeza jeni ya mnazi. Nilipokuwa nafundisha somo hilo, hapo nilikuwa nasimama nawaambia watoto wachungulie dirishani, minazi ilikuwa pale nje ya uzio.

Turudi kwenye mashine. Nazi 79 zilizokubaliwa siku ile zilitoa lita 6 na nusu. Nilikuwapo mwanzo hadi mwisho. Kabla ya hapo nilikuwa napeleka kwingine, mahali ambapo sitapataja, nao walikuwa wanapokea chochote utakacholeta: madafu yaliyokomaakomaa, koroma, nazi zilizoota, zote zinaingia kwenye sinia moja. Mara ya mwisho niliwapelekea nazi 100 nikapewa lita 5, na machicha wakabaki nayo bila kuniuliza. Hayo ningeyavumilia. Kilichoniumiza ni kwamba wiki ya tatu mafuta yalianza kunuka, na ukiyaweka ulimini yana ladha ya sabuni. Niliyatupa karibu lita 3, na wateja wawili wa saluni niliwarudishia pesa. Ladha ya sabuni hutoka kwa asidi ya lauriki iliyoachana na molekuli yake, na huachana kwa sababu ya maji. Nyama ambayo haikukauka sawasawa huingia mashineni na unyevu, unyevu unaingia kwenye mafuta, na kazi ya kuoza inaanzia chupani.

Hawa wa Ngamiani kwenye kukausha hawana haraka. Nazi ikishakunwa inatandazwa kwenye sinia unene wa kidole, inageuzwa kwa mwiko wa mbao muda wote, moto unapunguzwa kwa kuondoa vifuu kimoja kimoja. Kijana hatumii kipimo chochote. Anachota konzi ya nazi iliyokunwa anaifinya. Ikishikana kama unga uliolowa, inarudi jikoni. Ikipukutika kati ya vidole kama chenga za mchele na kuacha kiganja kinang'aa, inapelekwa kwenye mashine. Alinifinyisha na mimi. Mara mbili nilisema tayari, akatikisa kichwa. Mara ya tatu tulikubaliana. Mafuta yanapotoka kwenye mashine ni meupe yenye ukungu, na ukiyaona utadhani yameharibika. Yanakaa kwenye pipa siku mbili, mashapo yanashuka chini, kisha yanachujwa kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Yaliyokuja nyumbani kwangu yalikuwa maangavu kama maji ya kisima. Chupa niliyoiweka kabatini kwa makusudi tangu safari ya kwanza, sasa ni mwezi wa tano, bado inanuka nazi na si kitu kingine.

Je, ni mazuri kuliko yale ya kuchemsha tui? Marehemu mama alikuwa anakamua tui zito, analiacha usiku kucha, asubuhi anachemsha kwenye sufuria mpaka mafuta yaelee na shata ibaki chini, na sisi watoto tunagombea shata kwa sukari. Mafuta yale yalikuwa na harufu ya kukaangwa ambayo mashine haiwezi kuitoa, na kwa visheti bado nayapenda yale. Lakini kwa nazi zilezile, njia ya tui ilimpa mama mafuta kidogo kuliko mashine, kwa kuwa mengi yalibaki kwenye machicha. Kwa kupaka na kwa kuuza, mashine. Kwa visheti vya Idi, sufuria ya mama.

Safari ya pili ndiyo iliyonigeuza kabisa, na haikuwa kwa sababu ya mashine. Nilikwenda shambani nikamwita mkwezi wangu, nikamweleza. Yeye alikuwa analipwa kwa mti, kwa hiyo anapanda mara moja anakata makole mawili au matatu kwa mkupuo, la chini limekomaa, la juu yake limekaribia, la tatu ni koroma tupu. Simlaumu, kupanda mnazi mrefu si mchezo, na mimi ndiye niliyeweka malipo yale. Sasa namlipa kwa nazi iliyokomaa, si kwa mti. Mnazi hutoa kole takriban moja kila mwezi, kwa hiyo mti wenyewe ni kalenda: unaanzia kwenye karara, ala ya maua, iliyopasuka karibuni, unahesabu kushuka, kila kole limezidi la juu yake kwa kama mwezi. Tunakata la kumi na mbili. La kumi na moja linaachwa, hata kama linaonekana la kahawia. Nazi 120 za safari ya pili zilitoa lita 10 kasoro robo. Bibi alirudisha nazi 3.

Bibi ana lundo la tatu pia, la zilizoota. Sikulijua hilo mpaka safari ya tatu. Mbegu nyingi huwa na kipindi cha kulala baada ya kukomaa, hukauka na kusubiri mvua. Nazi hailali. Ikikomaa, iwe juu ya mti au barazani kwako, kiinitete kinaanza kuvimba polepole na kutengeneza joya, lile donge jeupe la sifongo tamu linalojaza kifuu. Joya linakula nyama. Mafuta uliyoyangojea mwaka mzima yanageuzwa tena kuwa chakula cha mche. Nilikuwa nahifadhi nazi miezi mitatu stoo nikisubiri zifike idadi ya gunia, nikiamini nazi haina haraka. Kumbe nilikuwa nalisha joya. Siku hizi sizidishi mwezi mmoja.

Sasa kasoro zao, kwa sababu zipo na nimewaambia wenyewe.

Chupa wanazouzia mafuta yao, yale wanayokamua kwa nazi za kununua, zina karatasi inayosema yanatibu kisukari, presha na vidonda vya tumbo. Hilo halifai. Karibu 90 kwa 100 ya mafuta ya nazi ni mafuta yaliyoshiba, mtu mwenye maradhi ya moyo anapaswa kuongea na daktari wake kabla ya kuyafanya chakula cha kila siku, na mtu mwenye kisukari akiacha dawa kwa sababu ya karatasi ile, damu yake itakuwa juu ya nani? Kijana alisema ni kiwanda cha kuchapa kilichoandika hivyo. Nikamwambia jina lililo juu ya karatasi ni lake. Safari ya nne karatasi zilikuwa bado zipo, na ndiyo maana nimewanyima nyota moja.

Hawana stakabadhi. Wanaandika kwenye daftari la shule, na ukichelewa kurudi siku ya tatu itabidi utafute jina lako katika kurasa zilizoloa mafuta. Nenda na kalamu yako, uandike lita zako mbele yao. Chombo pia nenda nacho. Dumu wanalokupa wao liliwahi kuwa na kitu kingine, na mafuta ya nazi hushika harufu haraka. Siku ya mvua moto hauwaki vizuri na kazi inalala mpaka kesho yake, basi uliza kwanza kabla hujapakia bajaji. Bei ni shilingi 120 kwa nazi pamoja na kukuna na kukausha. Kama hukuzifua nazi kutoa makumbi, wanafua wenyewe kwa kifuo kwa shilingi 50 zaidi. Machicha makavu ni yako, na wafugaji wa kuku watakufuata nyumbani kuyanunua. Hawapokei chini ya nazi 50.

Wanauza na miche. Hapo naomba mtu awe na subira. Miche yao ni mizuri kwa macho, imenenepa, haina madoa, lakini nilipouliza mama yake ni mti gani hakuna aliyejua. Minazi yetu mirefu huchavushana yenyewe kwa yenyewe, baba humjui, upepo na nyuki ndio wanaomjua. Mama angalau unaweza kumjua. Ukitaka mnazi wa mafuta, panda nazi ya mti ambao umevunja nazi zake mwenyewe ukaona nyama ni nene na nzito. Vitamli vyangu vinne, ile minazi mifupi, vina madafu matamu kupita yote ya shamba, na nilipovipeleka kwenye mashine kwa udadisi, nazi 50, sikupata hata lita 3. Sivikati. Lakini si miti ya mafuta. Kama hujui mama, basi bora ungoje, maana mnazi mrefu utakukalia miaka sita au saba kabla hujajua umepanda nini. Kule China walichapisha ramani nzima ya vinasaba vya mnazi wa Hainan mwaka 2017, na natumaini siku moja mkulima wa Kigombe atapima ukuti wa mche akajua. Kwa sasa tuna kisu na mizani.

Na mizani ndiyo imenifanya nirudi kuongea na kijana. Nimepaka rangi namba kwenye minazi yangu yote 46. Nimepima nyama ya nazi tano tano za kila mti niliofikia, na tofauti ni kubwa kuliko nilivyodhani: namba 7, ule ulioinama kuelekea baharini, nazi zake ni ndogo kwa umbo lakini nyama yake inapita ya namba 12 ambayo nazi zake ni kubwa kama kichwa cha mtu. Nimemwomba anikamulie nazi za mti mmoja mmoja, bila kuchanganya, ajaze chupa tofauti. Alisema inamsumbua kusafisha mashine kila mara. Nikamwambia nitalipa usafi. Bibi alikuwa anasikiliza kutoka chini ya mwembe, akasema, "Mfanyie Mwalimu, nami nataka kujua." Akakubali, kwa sharti nazi za kila mti zisipungue 30.

Jumamosi nakwenda na za namba 7. Namba 12 makole yake mawili bado hayajafika, mkwezi amehesabu, ni mwezi ujao. Nikifika nitaongeza matokeo hapa chini, lita kwa lita, na uzito wa nyama kabla ya kukaushwa.